Uzuri kwa Nani, Maumivu kwa Nani?

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya mbwa na paka. Usicheke! Soma kwanza.

Ukipita mitaani utasikia watu wakiwagawa mbwa mafungu mawili: "mbwa wa kizungu" na "mbwa koko". Wa kizungu hununuliwa kwa pesa nyingi, hupewa jina, hupikiwa nyama. Koko hujitafutia jalalani, na akikatiza njia hurushiwa jiwe. Watu husema wa kwanza ana "mbegu safi" na wa pili "amechanganyika". Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba safi ni bora na aliyechanganyika ni takataka.

Je, ni kweli? Na hiyo mbegu safi ilipatikanaje? Nani aliamua kwamba mbwa huyu awe na pua fupi na yule awe na madoa? Na mbwa mwenyewe, je, alipata faida gani?

Pengine utauliza, gazeti la afya linaingiaje hapa? Linaingia kwa njia mbili. Kwanza, sheria za urithi zinazomfanya mbwa azaliwe na ugonjwa ndizo zile zile zinazofanya kazi ndani ya mwili wako. Pili, kuamua juu ya mwili wa kiumbe kingine ambacho hakiwezi kusema "sitaki" ni jambo zito. Kijana anayejifunza kulifikiria vizuri atafikiri vizuri hata katika mambo mengine makubwa.

TUANZE NA MANENO

Uzalishaji wa kuchagua ni pale mtu anapoamua dume gani limpande jike gani, ili watoto wapate sifa anayoitaka. Mfugaji akimchagua fahali ambaye mama yake alitoa maziwa mengi, anafanya uzalishaji wa kuchagua. Hili si jambo geni. Mbwa wote ulimwenguni, wakubwa na wadogo, wametokana na mbwa-mwitu waliozoeana na binadamu zaidi ya miaka 15,000 iliyopita.

Chotara ni mtoto wa wazazi wa mbegu mbili tofauti, au hata wa aina mbili za wanyama. Ng'ombe chotara unawajua: baba wa kisasa mwenye maziwa mengi, mama wa kienyeji anayevumilia jua na kupe. Nyumbu pia ni chotara. Hapa nina maana ya yule wa kubeba mizigo, si wa Serengeti! Mama yake ni farasi mwenye kromosomu 64, baba yake ni punda mwenye 62. Nyumbu anapata 63, namba isiyogawanyika sawasawa kwa mbili, na ndiyo maana karibu nyumbu wote ni tasa.

Sasa, ng'ombe tunamchagulia maziwa, punda tunamchagulia nguvu. Lakini mnyama wa kufuga kwa mapenzi tu tunamchagulia nini? Mara nyingi tunamchagulia sura. Na hapo ndipo shida inapoanzia.

BULDOGI: KICHWA KIKUBWA, NJIA NYEMBAMBA

Zamani huko Uingereza kulikuwa na mchezo wa kikatili wa kuwapambanisha mbwa na fahali. Mbwa waliotumika ndio mababu wa buldogi. Mwaka 1835 mchezo huo ulipigwa marufuku. Buldogi akabaki hana kazi. Baadaye maonyesho ya mbwa yakaanza kupendwa, na mwaka 1873 chama cha wafugaji wa mbwa, Kennel Club, kikaanzishwa. Wafugaji waliandika jinsi kila mbegu inavyotakiwa kuonekana. Buldogi alitakiwa awe na kichwa kikubwa, mabega mapana, uso bapa. Aliyekaribia maelezo hayo alipata zawadi, na aliyepata zawadi ndiye aliyetafutwa kupanda majike. Kizazi baada ya kizazi, pua ikazidi kurudi ndani.

Lakini sikiliza. Mifupa ya pua ilifupishwa, nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho. Ulimi na nyama laini za nyuma ya kaakaa zilibaki nyingi katika nafasi ndogo, zikabanana kama abiria ndani ya daladala. Hewa inapita kwa taabu. Ule mkoromo ambao watu huuona kama kichekesho ni mnyama anayehangaika kupumua.

Kuna jambo jingine. Wewe ukisikia joto unatoka jasho mwili mzima. Mbwa hawezi. Yeye hujipoza hasa kwa kuhema, ulimi nje. Mbwa asiyeweza kuhema vizuri anaweza kuzidiwa na joto na hata kufa. Fikiria mbwa kama huyo akiletwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari!

Na kuzaa je? Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya uzao 80 katika kila 100 wa buldogi ulitoka kwa upasuaji. Hebu tulia kidogo hapo. Bila kisu cha daktari, mbegu hii ingepata tabu sana kuendelea kuwapo duniani. Je, huo ndio ubora?

PAKA WA MASIKIO YALIYOKUNJWA: HESABU YA MENDEL

Mwaka 1961 katika shamba moja huko Scotland alionekana paka mweupe, jike, ambaye masikio yake yalikunjwa mbele kama kofia. Alipewa jina la Susie. Watu wakampenda kwa sababu uso wake ulikuwa wa duara kama wa bundi. Wakawazalisha watoto wake, na leo paka wa namna hiyo wanapatikana nchi nyingi.

Kwa nini masikio hukunjika? Kwa sababu gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayosimamisha sikio, imeharibika. Lakini gegedu haiko masikioni tu. Iko kwenye viungo vyote: magoti, vifundo, mkia. Kwa hiyo jeni inayokunja sikio ndiyo hiyo hiyo inayoharibu viungo. Wapo paka wanaoanza kuchechemea wakiwa bado wadogo. Wengine mkia hukakamaa. Wengine huonekana "wapole" tu, wamekaa kimya, kumbe kuruka kunawauma.

Sasa chukua kalamu. Tuite jeni ya kukunja K, na jeni ya kawaida k. K ni jeni inayotawala: ukiwa nayo moja tu, sikio linakunjika.

Paka Kk akipandana na paka kk, nusu ya watoto hutarajiwa kuwa Kk na nusu kk. Paka Kk akipandana na Kk mwenzake, robo hutarajiwa kuwa KK, nusu Kk, na robo kk. Wale KK ndio huumia vibaya zaidi. Ndiyo maana wafugaji hawapandanishi wawili wenye masikio yaliyokunjwa. Lakini je, wale Kk wako salama? Hapana. Nao wana ugonjwa, ingawa kiwango hutofautiana kati ya paka na paka.

Umeona ugumu ulipo? Kwa buldogi unaweza kusema, "Tuchague wenye pua ndefu kidogo." Kwa paka huyu huwezi. Sifa inayopendwa na ugonjwa ni kitu kimoja. Ukitaka sikio lililokunjwa, umetaka na kiungo kibovu.

DAMU MOJA: PAKA WA SOKOKE

Tuje nyumbani. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, mkazi mmoja aliona paka wembamba wenye madoadoa kama gome la mti. Wagiriama walikuwa wakiwaita khadzonzo. Akawafuga, na baadaye baadhi yao wakapelekwa Denmark. Mwaka 1993 wakatambuliwa rasmi Ulaya kama mbegu. Hivi ndivyo paka wa kawaida wa Kilifi alivyopata cheti cha ukoo!

Lakini paka waliosafirishwa walikuwa wachache mno. Ukianza na wachache, haupiti muda kabla ya kumpandanisha binamu na binamu. Hatari iko wapi? Kila kiumbe hubeba jeni chache mbovu zinazojificha. Ukiwa nayo moja, haikudhuru, kwa sababu nakala nyingine nzima inafanya kazi. Ndugu wawili huweza kuwa wamerithi jeni mbovu ile ile kutoka kwa babu mmoja. Wakizaa, mtoto anaweza kupata nakala mbili mbovu, na hapo ugonjwa hujitokeza.

Ndiyo maana miaka ya 2000 mwanzoni paka wengine walichukuliwa Kenya kwenda kuongeza damu mpya. Kumbe ile "mbegu safi" ilihitaji msaada wa paka wa mtaani, wasio na cheti chochote!

KUCHANGANYA KUNAPOPONYA

Hapa tunafika kwenye kisa ambacho kila mwanafunzi wa biolojia angepaswa kukijua.

Mbwa wa Dalmatia ni yule mweupe mwenye madoa meusi. Wafugaji waliochagua madoa mazuri, bila kujua, walichagua pia hitilafu moja ya mwili. Mbwa wengine hubadilisha asidi ya yuriki kuwa kitu kinachoyeyuka kirahisi na kutoka na mkojo. Kwa mbwa wa Dalmatia kazi hiyo haifanyiki vizuri. Asidi huwa nyingi kwenye mkojo, na huweza kuganda ikawa mawe. Jiwe likiziba njia ya mkojo, mbwa huteseka sana, na asipotibiwa hufa. Binadamu nasi hatuibadilishi asidi hiyo. Ikizidi mwilini mwetu huleta jongo, ule ugonjwa wa kuvimba kidole gumba cha mguu. Ukimwona mzee mwenye jongo anavyolia usiku, utamwonea huruma mbwa huyu.

Tatizo lilikuwa hili: hakukuwa na wa kuchagua. Karibu kila mbwa wa Dalmatia mwenye ukoo safi alikuwa na nakala mbili za jeni mbovu. Huwezi kumchagua mzima pale ambapo wote ni wagonjwa.

Mwaka 1973, mwanasayansi wa Marekani Robert Schaible alimpandanisha mbwa wa Dalmatia na pointa, mbwa wa kuwindia. Mara moja tu. Watoto wakapata jeni moja nzima kutoka kwa pointa, na mkojo wao ukawa wa kawaida. Kisha, kila kizazi, aliwachukua watoto wenye jeni nzima na kuwapandanisha tena na mbwa wa Dalmatia. Madoa yakarudi, umbo likarudi, na jeni nzima ikabaki.

Utafikiri wafugaji walishangilia. Wapi! Mwaka 1981 chama cha mbwa cha Marekani kiliwaandikisha mbwa wawili wa kizazi cha tano. Wafugaji wengi wa mbwa wa Dalmatia wakapinga: eti hao si safi. Uandikishaji ukasimamishwa. Ilichukua miaka 30, hadi mwaka 2011, ndipo mbwa wa ukoo huo wakakubaliwa Marekani. Miaka 30 ya mbwa kuzaliwa na ugonjwa wenye dawa inayojulikana, kwa sababu ya neno moja tu: "safi".

Tuseme ukweli wote, lakini. Mchanganyiko huo haukuondoa kila kitu. Mbwa wa Dalmatia pia wana tatizo la uziwi. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kuwa karibu 3 kati ya 10 hawasikii kwa sikio moja au yote mawili, na jambo hilo lina uhusiano na ule weupe wao. Kuchanganya mara moja kuliponya ugonjwa mmoja, hakukuponya mwingine.

KUCHANGANYA KUNAPOUMIZA

Usije ukasema basi, "Chotara oyee!" Ngoja kwanza.

Mondo unamjua? Ni yule paka mwitu wa nyika zetu, miguu mirefu, masikio makubwa, mwili wa madoa. Huruka juu ya nyasi na kumwangukia panya au ndege. Uzito wake huweza kufika kilo 18, wakati paka wa nyumbani huwa na kilo 4 au 5 hivi.

Mwaka 1986 huko Pennsylvania, Marekani, mfugaji mmoja alipata mtoto wa dume la mondo na jike la paka wa nyumbani. Hapo ndipo ilipoanza mbegu iitwayo paka wa Savanna. Leo wale wa kizazi cha kwanza huuzwa kwa maelfu ya dola. Mnunuzi anataka chui mdogo sebuleni.

Tuangalie gharama, na sizungumzii dola. Ili kumpata chotara wa kwanza, lazima mondo afungiwe maisha yake yote. Jike ni mdogo kuliko dume kwa mbali, na anaweza kuumizwa. Mimba ya mondo huchukua siku kama 74, ya paka wa nyumbani siku kama 64, kwa hiyo watoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati. Madume ya vizazi vya kwanza huwa tasa. Na yule anayezaliwa mzima, tabia yake je? Mwili wake unadai eneo kubwa la kuzunguka, kuwinda, kuweka alama kwa mkojo. Anafungiwa katika nyumba ya vyumba vitatu. Akikojolea makochi, mwenye nyumba anakasirika na kutafuta mahali pa kumtupa.

Nchi nyingine nazo huathirika. Mwaka 2008 Australia ilikataa paka hawa kuingizwa nchini, kwa kuhofia kwamba wakitoroka watamaliza wanyama wadogo wa huko.

Kwa mbwa wa kawaida pia, uchotara umegeuzwa biashara. Mwaka 1989 Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu huko Australia, alichanganya Labrador na pudo. Alikuwa na sababu nzuri: mama mmoja kipofu alihitaji mbwa, na mume wake alikuwa akidhurika na manyoya. Walizaliwa watoto watatu. Ni mmoja tu aliyefaa, kwa maana urithi ni bahati nasibu. Jina la Labradoodle likavuma, na watu wakaanza kuchanganya mbwa wowote na pudo ili wauze, bila kupima magonjwa. Baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha.

Kwa hiyo, mchanganyiko wa pointa ulifanywa kwa ajili ya kibofu cha mbwa. Mchanganyiko wa mondo ulifanywa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Kazi ni ile ile, nia na matokeo ni mbali kama mbingu na ardhi. Swali la "safi au chotara?" halitusaidii. Linalotusaidia ni hili: nani anafaidi, na nani analipa?

WANAOTETEA NA WANAOPINGA

Wanaotetea wanasema: bila uzalishaji wa kuchagua tusingekuwa na mbwa wa kuongoza vipofu wala wa kunusa majangili. Wanasema mbegu za zamani ni urithi, kama ngoma au michoro. Wanasema wanawapenda wanyama wao, na wengi kweli wanawapenda. Wanaongeza kwamba siku hizi kuna vipimo vya jeni, hivyo mfugaji makini anaweza kuepuka wagonjwa.

Wanaopinga wanasema: mapenzi ya mwenye mnyama hayafungui pua iliyozibwa. Wanasema ngoma haisikii maumivu. Wanasema mnunuzi ndiye anayeendesha gari hili: pua fupi isiponunuliwa, haitazalishwa.

Sheria nazo zimeanza kusema. Nchini Norway chama cha kutetea wanyama kilikwenda mahakamani. Januari 2022 mahakama ya kwanza ilikataza kuendelea kuzalisha buldogi na Cavalier King Charles, mbwa mdogo mwenye matatizo mengi ya moyo na fuvu lisilotosha ubongo. Novemba mwaka huo mahakama ya rufaa iliwaachia buldogi. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kuzalisha Cavalier kwa namna ile ni kinyume cha sheria. Uholanzi ilikataza kuzalisha paka wa masikio yaliyokunjwa mwaka 2014, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 hata kumfuga mpya ni marufuku. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama.

VIJANA WANAULIZA

Swali: Je, mbwa koko ana afya kuliko wa kizungu?
Jibu: Si lazima. Koko ana damu mchanganyiko, hivyo magonjwa ya kurithi yanayojificha humpata kwa nadra zaidi. Lakini minyoo, njaa na kichaa cha mbwa havijali damu. Mbwa yeyote, wa cheti au wa jalalani, anatakiwa achanjwe. Na ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri.

Swali: Mwenye buldogi sasa afanye nini, amtupe?
Jibu: Hapana! Mbwa hana kosa. Amtunze vizuri, asimwache anenepe, amkinge na joto, ampeleke kwa daktari wa mifugo. Asimzalishe tu.

Swali: Kama tunaweza kuchagua mbwa wenye afya, kwa nini tusichague watu?
Jibu: Swali zuri, na ni la hatari. Karne iliyopita wapo waliojaribu. Mwaka 1933 Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu walioitwa wenye kasoro, na mambo yakaishia kwenye mauaji. Mtu si mbegu. Binadamu hupewa elimu na kuamua mwenyewe. Wapenzi wawili wanaweza kupima kama wanabeba jeni ya selimundu, wakashauriwa, wakachagua kwa hiari yao. Na mwenye selimundu ana haki zote kama wewe. Tofauti yetu na mbwa ndiyo hiyo: mbwa hana hiari, tumemwamulia sisi. Kwa hiyo lawama yote ni yetu.

KIPIMO CHA MASWALI MANNE

Siku moja utakuwa na kazi na nyumba yako. Kabla hujanunua au kuzalisha mnyama, jiulize:

1. Je, mwili alionao unamruhusu kupumua, kutembea, kuona na kuzaa bila msaada wa kisu?
2. Je, sifa ninayoipenda inamsaidia yeye, au inanifurahisha mimi tu?
3. Je, wazazi wake nimewaona, na afya yao imepimwa?
4. Je, tabia yake ya asili ina nafasi nyumbani kwangu?

Jibu likiwa "hapana" hata mara moja, acha. Wapo mbwa na paka wa kawaida kibao wanaohitaji chanjo, chakula na mtu wa kuwapenda. Wewe ndiye mnunuzi wa kesho. Ukikataa kununua maumivu, hakuna atakayeyazalisha.

ZOEZI

1. Paka Kk amepandana na paka kk, wakapata watoto 8. Unatarajia wangapi wabebe jeni ya kukunja?
2. Kizazi cha kwanza cha mbwa wa Schaible kilikuwa na nusu ya damu ya pointa. Kila kizazi kilichofuata kilipandanishwa na mbwa wa Dalmatia, hivyo damu ya pointa ikapungua kwa nusu kila mara. Kizazi cha kumi kina sehemu gani ya damu ya pointa? Je, ungemwita mbwa huyo "si safi"?
3. Mjadala wa darasa: "Serikali ikataze kuzalisha mbwa wa pua fupi." Kundi moja liunge mkono, jingine lipinge. Kisha badilishaneni upande, mtetee kile mlichokipinga. Hapo ndipo mtajua kama mmeelewa.

Majibu: (1) Wanne. (2) Sehemu 1 kati ya 1,024, yaani chini ya moja katika elfu. Swali la pili la hapo, na lile la 3, majibu yake yako kwenu. Semeni kwa hoja, bila kupigiana kelele.